Bafu Lisilo na Bati

Nyumba yetu ya Goba tulihamia kabla haijaisha, na mtaani kwetu hilo si jambo la kumsimulia mtu, maana upande huu wa bondeni karibu wote tulihamia hivyohivyo. Vyumba viwili vya kulala vina sakafu na madirisha. Sebule ina sakafu ila haina dari, kwa hiyo mvua ikinyesha tunaongea kwa kupiga kelele. Na kile chumba ambacho kwenye ramani ni bafu kimejaa mifuko ya saruji, milango miwili isiyo na fremu, na maboksi ya vigae ambavyo Baba alivinunua siku aliyokuwa na furaha. Sie tunaoga nje. Bafu la nje ni kuta nne za tofali, mlango mdogo wa mbao, sakafu ya zege iliyoinamia upande mmoja ili maji yatoke, na juu hakuna kitu.

Bati la kuliezekea lipo. Lilibaki tulipoezeka nyumba, limeegemea ukuta wa nyuma, kuku wanajificha jua chini yake. Mama alishamwambia Baba alipandishe tu, kazi yenyewe si kubwa. Baba hataki. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na Baba humwita hivyo hata nyumbani.

"Mwalimu, nikishaliezeka lile limekuwa bafu. Sasa hivi ni mahali pa kujimwagia maji tu, tunapita. Mwangalie jirani wa pale kona. Aliezeka la nje, akaweka na kioo. La ndani leo anafugia sungura."

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Baba ni karani, na hii nyumba anaijenga kidogokidogo tangu sijaanza darasa la kwanza. Watu wengine wakitaka kuahidi kitu wanaapa. Baba anaacha bati limeegemea ukutani.

Mie ni mtu wa kimya. Sisemi hivyo kujisifia wala kujionea huruma. Nipo kidato cha tatu, na ripoti zangu zote zimeandikwa "mtulivu", neno ambalo nahisi walimu wanalitumia kwa mwanafunzi wasiyemkumbuka sura. Darasani nikijua jibu nalijibu moyoni. Akitajwa mwingine akakosea, nasikia raha ya siri, halafu najichukia.

Bibi, mama yake Baba, alitoka Njombe kuja kutibiwa magoti. Tukawekwa chumba kimoja, kitanda kimoja. Siku ya kwanza tu akanipangia.

"Haya, mke mwenza. Upande wa ukutani wangu, mimi ndiye mkubwa."

Kwetu bibi na mjukuu wake wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, lakini utani hauangalii hayo. Bibi alikuwa ananilaumu kabisa: "Ulikuwa wapi mume wetu akiumwa? Namgeuza peke yangu, namlisha peke yangu, wewe hata kuzaliwa hujataka!" Na mie, ambaye sijawahi kumjibu mtu mkubwa katika maisha yangu, nikawa namjibu. Nilimwambia mume mwenyewe alikuwa ananiota mimi muda wote ule. Alicheka hadi akashika magoti. Sikujua kwamba naweza kumchekesha mtu namna ile.

Dar ilimshinda kwa joto. Kila magharibi, giza likianza kushika, nilikuwa namchemshia maji, natia chumvi ya mawe aliyokuja nayo kwa imani yake mwenyewe, nambebea ndoo mpaka bafuni. Yeye anaingia, mie nakaa nje ya mlango juu ya tofali, tunaongea ukuta ukiwa katikati. Hapo ndipo aliponisimulia mambo yake mengi. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kwa sababu hatuonani. Kwangu pia. Kwao, alisema, mtu mzima haogi jua likimwangalia. Unasubiri giza, unaoga taratibu kama mtu mwenye nafasi. Halafu anasema, "Zimetoka." Anamaanisha nyota. Alikuwa anasema za Njombe ziko karibu zaidi, lakini hizi nazo si haba.

Sasa, hilo giza ambalo Bibi alilipenda, mtaa wetu ulikuwa unalichukia. Njia ya kutoka barabarani kushuka kwetu haikuwa na taa hata moja. Vibaka walikuwa wanakaa kwenye mihogo iliyolimwa katika kile kiwanja kikubwa juu yetu, ambacho mwenyewe hakuwa amekijenga, wanasubiri watu wanaotoka makazini. Walimnyang'anya simu dada mmoja wa jirani, wakamburuza mpaka akachubuka kiwiko. Mama alikuwa anapita pale ameshika tochi mkono mmoja na kiatu mkono mwingine.

Halafu mwenye kiwanja akaja. Mzee mmoja mstaafu, mpole, anayesalimia hadi watoto. Aling'oa mihogo, akasawazisha, akajenga ukuta wa mawe kuzuia udongo usitushukie sie wa chini, akatandika nyasi za plastiki, akazungushia wavu. Uwanja mdogo wa mpira, wa kukodisha jioni kwa wafanyakazi wa maofisini. Pembeni akasimamisha nguzo nne za chuma, ndefu kuliko mnazi wowote wa pale kwetu, kila moja na taa zake. Kila kitu kikiwa tayari ndipo kikasimamishwa kibao getini: kusudio la kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kuwa michezo na burudani, mwenye maoni au pingamizi ayapeleke ofisi ya serikali ya mtaa.

Nilikisoma kile kibao kila siku nikienda shule, kwa sababu mie nasoma kila kitu kilichoandikwa. Sikuona mwingine akikisoma. Mama mmoja anayekaanga samaki pale njiani alikuwa anaanikia kitambaa chake cha kufutia mikono juu yake.

Siku taa zilipowashwa kwa mara ya kwanza mtaa mzima ulitoka nje. Watoto walikuwa wanakimbiza vivuli vyao. Mama wa samaki alizima kibatari chake na kusema, "Leo mafuta ni ya kukaangia tu, ya taa basi." Baba alipandisha kwenda kumpongeza yule mzee, nami nilimfuata nyuma.

"Shikamoo mzee. Umetuokoa."

"Marahaba, marahaba. Ujirani huo."

"Sasa mzee, ombi dogo," Baba akasema, akionyesha nguzo ya kona iliyo upande wetu. "Pale juu ziko taa mbili, zote zinaangalia nyasi. Hiyo moja tugeuzie huku kwetu chini. Wake zetu wapite kwa amani."

Mzee akamwita fundi papo hapo. Fundi akapanda, akageuza, na njia yote ikawa nyeupe mpaka mlangoni kwetu. Watu wakapiga makofi. Baba alishuka kilima akitembea katikati ya njia, mikono mfukoni. Nilijisikia vizuri kuwa mtoto wake.

Jioni iliyofuata nilimpelekea Bibi ndoo kama kawaida, nikakaa juu ya tofali langu. Alikuwa ananisimulia jinsi babu alivyokuja kumchumbia amevaa viatu vya kuazima, vya mguu mmoja. Ghafla akakata. Niliona mwanga umelijaza bafu mpaka juu, kama maji kwenye beseni. Huko uwanjani watu wakapiga kelele, "Aaaah!", kisha kicheko kikubwa. Nina hakika kuna mtu alikosa goli.

"Bibi? Vya mguu mmoja, halafu?"

"Mke mwenza. Nipe kanga. Nipe na ile nyingine."

Alitoka amejifunga moja kiunoni na nyingine amejifunika mpaka kichwani, na sabuni bado nyuma ya masikio. Tuliingia chumbani, akafunga mlango.

"Wananiona."

"Hawakuoni Bibi, wanaangalia mpira."

"Mimi nimewaona wao. Wameketi pale juu ya ukuta, miguu wameining'iniza. Kama mimi nawaona wao, wao watashindwaje kuniona mimi?"

Kesho yake nilienda kuhakikisha. Niliingia bafuni na sare zangu zote za shule, nikafunga mlango, nikainua macho. Bonde letu limeinama kiasi kwamba ukuta wa bafu, ambao kwa mtu aliyesimama nje ni mrefu, kwa mtu aliyeko kule juu ni kama ukingo wa sahani. Vijana wanaosubiri zamu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe, wanapunga upepo, migongo wameupa uwanja. Mmoja wao ninasoma naye. Alininyooshea mkono, akaita, "Oyaa, mambo!"

Nilitoka mle mbio. Kwa hiyo Bibi alisema kweli.

"Basi tumwambie Baba," nilimwambia.

"Thubutu!" Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika. "Mama mtu hazungumzi na mwanaye habari za kuoga. Kwetu hakuna. Na mama yako ukimwambia, mumewe atajua kabla ya chai. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni mke mwenzangu. Ukisema, nimekufa."

Niliapa. Tangu hapo akawa anaoga chumbani, kwenye beseni, mlango tumeubana na begi lake. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sakafu, mie napiga deki gizani Mama asiulize. Bibi hakuwa anasimulia kitu tena. Alikuwa anajifuta harakaharaka kama mtu anayeiba. "Hivi ndivyo wanavyoogeshwa wagonjwa," alisema mara moja tu. Baadaye akaacha kuoga kila siku. Halafu, tukiwa tunakula, akamwambia Baba kwamba anataka kurudi Njombe.

"Mama, daktari hajamaliza na hayo magoti."

"Parachichi zangu zitaozea mtini."

"Si yupo mdogo wangu?"

"Mdogo wako anachuma kama anapigana."

Baba aliweka kijiko. Alimtazama Mama, na nikajua anachofikiria, kwa sababu Mama naye alijua. Usiku ule niliwasikia kwenye sebule yetu isiyo na dari, ambayo haifichi kitu. "Mwalimu, kuna neno ulimwambia?" "Mie? Nimwambie nini mama yako?" "Nauliza tu." "Huulizi, unanihukumu." Bibi alikuwa macho pembeni yangu, uso ukutani. Nilijua yuko macho kwa jinsi alivyokuwa hapumui vizuri. Hakuna aliyekosea, na bado nyumba nzima ilikuwa inaumia, na mwenye kujua kwa nini nilikuwa mie peke yangu na mtu niliyemwapia.

Nilijaribu kupita pembeni. Nilimwambia Baba, nikijifanya nafagia, kwamba labda tungeweka lile bati. Akacheka akanishika kichwa. "Na wewe unataka kufuga sungura?" Nilijaribu pia kumwendea yule mzee wa uwanja. Nilifika getini, nikasoma kile kibao chote tena, nikarudi nyumbani. Kwenye njia mama wa samaki alikuwa amewakalisha wateja kwenye mabenchi chini ya mwanga wetu, na dada yule aliyechubuliwa kiwiko alikuwa anapita na simu sikioni, anacheka. Niliwaza: hii taa ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningeweza kuichukia vizuri, mambo yangekuwa rahisi.

Ndipo mjumbe akapita na kipaza sauti. Mkutano wa mtaa, Jumapili mchana, ajenda ni kiwanja cha mpira. Bibi alikuwa ameshapanga kuondoka wiki hiyohiyo.

Tulienda wote isipokuwa Bibi. Walifunga turubai mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki havikutosha, vijana wakasimama nyuma. Mwenyekiti wa mtaa alikaa katikati. Kulia kwake alikaa mzee wa uwanja amevaa koti, kushoto ofisa mipango miji kutoka manispaa, dada mmoja kijana aliyevaa raba zenye vumbi kwa sababu alishazunguka kilima kizima asubuhi. Akatueleza bila maneno magumu. Kiwanja kilipimwa kwa ajili ya nyumba ya kuishi. Mwenyewe anataka kiwe cha michezo. Kabla manispaa haijakubali au kukataa, majirani lazima wasikilizwe, na hata ikikubali inaweza kuweka masharti: saa za kucheza, kelele, maegesho, na taa.

"Taa zina sharti gani?" mtu akauliza.

"Zimulike kiwanja chake. Mwanga nao unatakiwa uishie kwenye mpaka, kama ukuta."

Watu wakaguna. Mwanga uishie kwenye mpaka! Mzee mmoja akasema basi na jua wakalipimie mpaka.

Maoni yakaanza, na yote yalikuwa ya kusifu. Mama wa samaki alisema tangu taa zije anauza mpaka anachoka. Vijana wa bodaboda walisema sasa wanaona mashimo. Kisha Baba akasimama. Baba anapenda mikutano. Huwa anafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mie sina maneno mengi. Huyu mzee ametutoa gizani. Manispaa wangesubiriwa, tungeibiwa mpaka vitanda. Naomba wakubali, na zile taa zisiguswe hata kidogo. Zibaki hivyohivyo zilivyo."

Makofi. Baba akakaa. Ofisa akauliza, "Kuna mwenye pingamizi? Au mwenye ombi lolote kuhusu masharti?" Akatutazama. Akaanza kufunga faili lake.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka kiti changu kilining'ang'ania kwenye sketi, nikawa nimesimama na kiti nyuma yangu, na Mama akakivuta. Baba aligeuka akanitazama kama vile amemwona mtoto wa mtu mwingine.

"Binti, sema. Paza sauti," mwenyekiti akasema.

"Shikamooni."

"Marahaba."

"Naomba ile taa ya kona igeuzwe."

"Ipi?"

"Inayomulika kwetu."

Minong'ono. Ofisa akauliza, kwa upole, sababu ni nini. Nilikuwa nimeapa kwa Bibi. Nilikuwa na jibu moja tu ambalo halikuwa lake.

"Bafu letu liko nje. Halina bati. Wanaokaa juu ya ule ukuta wanaona ndani. Mie... naona haya kuoga."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo. Yule ninayesoma naye alikuwepo. "Ezekeni sasa!" kijana mmoja akapiga kelele. "Bati moja tu, sista!" Masikio yangu yalikuwa ya moto. Sikukaa, si kwa ujasiri. Kiti changu Mama alikuwa bado amekishika.

Mama wa samaki ndiye aliyewageukia.

"Nyie mnaocheka, makwenu kuna bati?"

Kikapungua.

"Nauliza. Sie wote wa bondeni tumehamia kwenye mapagale, tunajuana. Wewe kaka, unaogea wapi? Semeni hapa mbele ya ofisa."

"Sie letu lina bati," akajibu jirani wa kona, kwa heshima zake zote.

"Na sungura hawajambo?" sauti ikatoka nyuma, na safari hii walicheka hata wazee. Jirani mwenyewe alicheka.

Ofisa akasubiri watulie. Akauliza upande wa bondeni ni nyumba ngapi zina tatizo hilo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilielewa: kunyoosha mkono ni kusema mbele ya watu kwamba nyumba yako haijaisha, na kila mtu pale alikuwa na vigae vyake kwenye maboksi. Kisha mama wa samaki akainua wake, ule wenye alama za mafuta. Halafu dada wa kiwiko. Halafu mikono ya akina mama, mmojammoja, mingine imeinuliwa usawa wa bega tu.

Mzee wa uwanja alisimama. Alionekana ameumia kidogo.

"Mimi taa zangu zilikuwa zinaangalia nyasi," alisema. "Niliombwa moja iangalie njia. Nikaona ni ujirani. Sikujua kwamba mtu akikaa ukutani kwangu anaona bafuni kwa watu. Nisameheni, mama zangu."

Hakusema aliombwa na nani. Wala hakumtazama Baba. Baba akasimama tena.

"Niliomba mie," akasema, akakaa.

Ofisa akaandika, akatusomea alichoandika: taa zote ziinamishwe ziangalie uwanja, ziwekewe vifuniko pembeni, watu wasikae juu ya ukuta wa mawe, na mchezo uishe mapema. Njia iombewe taa yake yenyewe, fupi, inayoangalia chini. Akasema yeye si wa kuamua, anapeleka tu. Mzee wa uwanja akasema hasubiri manispaa. Fundi atapanda kesho.

"Na samaki wangu?" mama wa samaki akauliza, kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka amepigia kura giza.

"Hamia hapa getini kwangu, mama. Wachezaji wakitoka wana njaa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama mbele na akina mama wenzake, mie na Baba nyuma. Sikuthubutu kumwangalia. Tulipopita kwenye kibao akapunguza mwendo.

"Wewe unaogaga asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kabla ya shule."

"Ndiyo."

"Tangu uko mdogo."

Nilipiga jiwe teke. Akatembea. Baada ya hatua chache akageuka, akaitazama nguzo ya kona. Alikuwa ameshafika mahali nilipoapa asifike, na hakuuliza neno hata moja zaidi. Aliniwekea mkono begani mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nivunje ungo.

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, akawatoa kuku, akalibeba lile bati kichwani na shati lake la mkutano. Bibi alikuwa kibarazani, miguu ameinyoosha, begi lake tayari limefungwa kamba.

"Bati hilo la nini?" Bibi akauliza.

Baba alikuwa juu ya ngazi, mgongo ametupa.

"La mjukuu wako, Mama. Anaona haya kuoga."

Bibi alinitazama. Mie nilitazama chini. Alielewa nilichofanya, na nadhani alielewa pia kwamba mwanaye anajua, na mwanaye naye alijua kwamba Bibi ameelewa. Wote watatu tukaacha liwe hivyo, kwamba mwenye haya ni mie.

"Watoto wa siku hizi," Bibi akasema, polepole. "Basi mwekee vizuri, asije akaonekana."

"Ndiyo, Mama."

Jioni ile alioga bafuni. Nilikaa juu ya tofali langu, akanimalizia habari za viatu vya babu. Kumbe cha pili kilikuwepo, ila kilikuwa kikubwa. Begi lilifunguliwa kesho yake bila tangazo. Parachichi, alisema, mdogo wake Baba achume hivyohivyo kwa kupigana.

Kulikuwa na gharama, na ni haki niiseme. Taa ya njia iliyoombwa bado haijaja. Njia imerudi giza, Mama anapita tena na kiatu mkononi, na kuna watu wananiita yule binti aliyezima taa. Shuleni nilikuwa mtulivu, sasa naitwa Sista Bati. Kuna siku nikipita pale na giza lake najiuliza kama nilifanya sawa. Nikifika nyumbani nikasikia maji yanamwagika bafuni na mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa Kibena, sijiulizi tena.

Kitu kimoja nilikigundua baadaye. Baba hakulipiga bati msumari hata mmoja. Amelikandamiza kwa tofali nne tu, moja kila kona. Upepo ukija linagonga usiku kucha, Mama analalamika, na Baba anasema ni la muda tu, Mwalimu, tunapita.

Bibi naye ana malalamiko yake: tumemzibia nyota. Kwa hiyo umeme unapokatika magharibi, uwanja ukafa na kilima kizima kikawa cheusi, ananiita.

"Mke mwenza! Njoo uniondolee paa."

Napanda juu ya ndoo nje ya ukuta, nateremsha tofali mbili, nalisukuma bati kwa mpini wa ufagio hadi libaki nusu. Halafu nakaa chini, nasubiri aseme zimetoka.